Mbegu Hii Imechumwa Wapi?

Ndugu zangu, walionisikia zamani wanajua nitaanzia wapi. Katika miradi ya kurudisha mimea ya asili, gunia la mbegu limeandikwa jina la spishi, yaani aina ya mmea, jina ni sahihi kabisa, karatasi zinatiwa sahihi, mbegu zinamwagwa ardhini. Hakuna aliyeuliza zimechumwa wapi.

Tafadhali msinijibu kwamba mmea ni uleule. Jibu hilo lilishapitwa na wakati mwaka 1922, pale Göte Turesson, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipochapisha kazi yake. Alichukua mimea ya spishi moja kutoka mazingira mbalimbali, akaiotesha katika bustani moja. Udongo mmoja, mvua moja, na bado tofauti nyingi zikabaki. Zilikuwa za kurithi.

Kisha wakaja watafiti watatu wa mimea, Clausen, Keck na Hiesey, kule California. Hawa nitakaa nao kidogo, maana kazi yao inanyamazisha ubishi wote. Walikuwa na mashamba matatu: moja karibu na usawa wa bahari, la pili kwenye mita 1,400 hivi, la tatu juu kabisa, kama mita 3,000. Wakachukua mmea mmoja wa Achillea, mmea mdogo wa maua, wakaugawa vipande, kila shamba likapata kipande chake. Yaani ni mmea uleule hasa, si ndugu yake wala mtoto wake! Wakafanya hivyo kwa mimea ya pwani, ya kati na ya milimani. Ile ya pwani ilipopelekwa juu, mingi haikuvuka majira ya baridi. Mingine ya chini ilichelewa kuchanua, jalidi, ile baridi ya kugandisha, ikaikuta kabla haijakomaza mbegu. Na ya mlimani ilipoteremshwa chini, kwenye joto na nafasi tele, ilibaki mifupi.

Hebu fikirini hiyo iliyochelewa kuchanua. Inaota vizuri, inapendeza, mradi unapigwa picha na kusifiwa. Miaka inapita, mimea ya kwanza inazeeka, chini yake hakuna mche hata mmoja. Hapo wanalaumu ukame.

Najua mtakaloniuliza: hali ya hewa inabadilika, kwa nini tusilete mbegu za kwenye joto zaidi? Swali zuri, na wataalamu wengine wanashauri kuchanganya kiasi cha mbegu hizo na za hapohapo. Sipingi. Lakini anayechanganya hivyo lazima ajue kila mbegu imetoka wapi, kwa hiyo bado tunarudi kwenye swali langu. Wala ukaribu wa mbegu na mahali pa kuipanda si kilomita tu. Bonde na kilele vinavyotazamana vinaweza kutofautiana kuliko mabonde mawili yaliyo mbali. Tazameni mwinuko, mvua, udongo.

Naambiwa muda umebaki mdogo. Basi haraka: msichume kwenye mti mmoja kwa sababu tu umezaa sana na uko kando ya barabara. Zungukeni, mfikie mimea 50 au zaidi ikiwezekana. Msichukue zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizoiva siku hiyo. Pori nalo lina haki yake. Mambo ya kukausha na kuhifadhi nayaacha. Ila lebo siiachi: mahali, tarehe, mwinuko, udongo, idadi ya mimea iliyochumwa. Muuzaji akishindwa kuyajaza hayo matano, mrudishieni gunia lake.