Njia Iliyo Chini ya Maji

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu na vijana.

Nimekuja kuwaomba tuchore ramani ya njia za vyombo vyetu vya majini hapa Lamu, manahodha wakishirikiana na vijana. Naanza na Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji baina ya Manda na bara, maana wengi wenu mumeupita. Utotoni tulikuwa tukirudi kutoka Faza na mjomba wangu, tukachelewa kidogo tu, tukapwelewa katikati ya mikoko. Chombo kililala ubavu, nasi tukangoja maji yajae upya. Hapo nikafahamu kwamba baina ya Lamu na Pate njia si moja. Maji yakijaa ni Mkanda. Yakikupwa ni kuzunguka kisiwa cha Manda kwa nje, baharini, na upepo wa kusi ukivuma, ya huko mwayajua.

Kompyuta ya kutengenezea ramani haiyajui hayo. Yenyewe hufuata mistari iliyochorwa, na pasipo na mstari, kwake hapapitiki. Nairobi nako njia za matatu zilikuwa vichwani mwa madereva na makanga. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani walianza mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu na simu zao, wakarekodi kila kituo kwa GPS. Njia zaidi ya 130 zilipatikana, na mwaka 2014 data ikatolewa bure kwa yeyote.

Walizipanga kwa mtindo uitwao GTFS, yaani mafaili mepesi ya maandishi yenye vituo, njia, safari na saa. Humo basi ni namba 3, feri ni namba 4. Kwa hiyo chombo cha majini kina nafasi yake tangu hapo. Kinachotushinda ni saa. Basi la saa mbili leo, kesho pia ni la saa mbili. Lakini maji kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, na bamvua, maji yajaapo na kupwa sana, si sawa na maji mafu, yasogeapo kidogo. Ratiba yetu lazima ihesabiwe kutoka jedwali la maji, siku kwa siku.

Nalisisitiza hili kwa sababu moja. Wapangaji wa huduma za afya, kwenye ramani, huizungushia hospitali mpaka wa mwendo wa saa moja, wakahesabu watu waliomo. Huku kwetu mpaka huo hupanuka na kunywea mara mbili kila siku. Mama wa Kizingitini aliyeshikwa na uchungu usiku, maji yamekupwa, ahesabiwe yumo au hayumo? Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021, mazungumzo ya usafiri yamekuwa ya lami na makontena. Swali la mama huyu sijalisikia likiulizwa.

Manahodha, nawaomba muwachukue vijana hawa. Waandike saa, kina cha maji, idadi ya abiria, na pale chombo kinapogusa mchanga. Mafungu yenu ya kuvulia musiwaonyeshe. Hayo ni riziki yenu, hayahusu ramani ya usafiri.

Mimi nitaanza na boti ya Kizingitini kesho, maji yakijaa.