Ujira wa Daisy na Violet

Ndugu zangu, kila ninapozungumza habari za Daisy na Violet Hilton, swali la kwanza ni lile lile: walikuwa wakilalaje? Nimechoka kulijibu. Walikuwa pacha walioungana nyonga, kwa nyuma, basi. Leo tuulize jingine. Walicheza, watu wakalipa. Pesa alichukua nani?

Walizaliwa Brighton, Uingereza, Februari 1908. Mama yao, Kate Skinner, alikuwa mhudumu wa baa asiye na mume. Tajiri wake, Mary Hilton, akawachukua watoto na kuwaweka chumba cha nyuma cha baa. Mteja anatoa hela, anaingia kutazama, anaondoka na postikadi yenye picha yao. Mtoto hajaota meno, tayari analisha watu wazima! Baadaye walisimulia wenyewe kwamba Mary Hilton aliwachapa kwa chuma cha mkanda, lakini uso hakuugusa. Uso ulikuwa mtaji.

Alipokufa, akawarithisha kwa binti yake Edith na mumewe, Myer Myers. Nasema akawarithisha, na neno sijalikosea. Walirithiwa kama shamba la minazi.

Myers akawapeleka kwenye majukwaa ya vodevili Marekani, yaani maonyesho ya mchanganyiko wa nyimbo, dansi na vichekesho, na hapa naomba mnivumilie. Katikati ya miaka ya 1920 walicheza dansi na Bob Hope, mchekeshaji aliyekuja kuvuma baadaye, naye bado kijana anayetafuta jina. Hebu ioneni: wanaume wawili, kila mmoja kamshika dada mmoja, na dada hao hawaachani. Dansa mwingine akikosea hatua huirekebisha kimyakimya. Daisy akichelewa kidogo tu, Violet anavutwa, na wanaume wote wawili wanayumba. Miguu minane, mzunguko mmoja. Na dansi ikiisha, wanashika saksafoni.

Kuna atakayesema watu walikuja kutazama miili, si dansi. Nimelisikia hilo mara nyingi. Haya, waliingia kwa sababu ya miili. Lakini kioja ukishakiona umekiona, unarudi nyumbani. Kumfanya mtu akae kitini mpaka mwisho, halafu apige makofi, ni ufundi, na ufundi huo waliusotea tangu utotoni, kwa mazoezi ya kila siku. Onyesho lao liliingiza maelfu ya dola kwa wiki. Wao wenyewe hawakushika hata mshahara.

Mwanya ulipatikana kwa njia ya ajabu. Huko San Antonio, Texas, mke wa mtu aliwataja katika kesi yake ya talaka, wakapelekwa kwa wakili, Martin Arnold. Walipobaki naye faraghani wakamweleza hali yao: wamefungwa kwa mkataba, hawatoki bila ruhusa, hela hawazioni. Wakili akaliacha la talaka, akashika hilo. Januari 1931 mahakama ikavunja mkataba na kuamuru wapewe sehemu ya mali. Walikuwa karibu kutimiza miaka 23. Jaribuni kufikiria mtu wa umri huo, amefanya kazi tangu anyonyeshwe, ndiyo kwanza anaamua atakula nini!

Naona naonyeshwa saa. Basi nikimbie. Vodevili ilikuwa inakufa, sinema imeshaimeza. Violet alitaka kuolewa, ofisi za serikali jimbo baada ya jimbo zikamnyima cheti. Mwaka 1936 akafungishwa ndoa uwanjani Dallas, watu wamekata tiketi. Filamu zao mbili sizigusi leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikwenda Charlotte, North Carolina, kujionyesha kwenye sinema ya wazi. Aliyewaleta akatoweka, akawaacha bila nauli. Mwenye duka la vyakula akawapa kazi ya kupima mboga na matunda kwenye mizani, kwa mshahara. Wakaifanya miaka kadhaa. Januari 1969, wakati wa mlipuko wa mafua yaliyoitwa ya Hong Kong, hawakuonekana kazini. Mwajiri wao akawaita polisi, mlango ukafunguliwa. Daisy alikuwa ametangulia kufa, Violet akafuata siku chache baadaye.