Soma kumbukumbu za simu kabla ya kupanga saa za ofisi

Ndugu zangu wenye kampuni za utalii, mameneja wa hoteli, nanyi vijana wa TEHAMA mliokaa huko nyuma, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mna swali moja: mfumo wa simu wa ofisi tuupangie kupokea saa ngapi na kufunga saa ngapi? Nitalijibu, ila nitaanzia kwenye kumbukumbu za simu, yaani orodha ya simu ambayo mfumo huiandika wenyewe, maana ratiba nyingi hapa Arusha zinapangwa kwa mazoea, na mazoea hayo yanatunyima wageni.

Kwa kawaida fundi akimaliza kufunga simu humuuliza bosi, "Mnafanya kazi saa ngapi?" Bosi hujibu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Fundi anaandika 08:00 hadi 17:00, analipwa, anaondoka. Kuanzia hapo anayepiga jioni anaambiwa ofisi imefungwa.

Sasa mfikirieni mteja. Saa yetu iko mbele ya UTC, saa ya kimataifa, kwa saa 3 mwaka mzima, hatuisogezi. New York iko nyuma yetu kwa saa 8 kuanzia Novemba hadi Machi, na saa 7 miezi mingine. Mtu wa New York anayeingia kazini saa tatu asubuhi mwezi Januari, akataka kuulizia safari ya Serengeti ya Julai, anapiga kwetu ikiwa saa kumi na moja jioni kamili. Tunafunga mlango dakika ileile anapobisha hodi. Wa California, asubuhi hiyohiyo kwake, huku ni saa mbili usiku.

Haya yote yamo kwenye kumbukumbu, ukizifungua. Chukueni Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, ambayo mifumo mingi ya simu za ofisi imejengwa juu yake. Huandika nani kapiga, kampigia nani, simu ilianza lini, ilipokelewa lini, ilikatika lini, na iliishaje. Inaweza kuziweka kwenye faili liitwalo Master.csv, na hata mhasibu anaweza kulifungua kwa Excel.

Lakini kuna mtego, na naomba tuutazame kwa makini. Simu imeingia saa 17:04. Safu ya matokeo inasema ANSWERED, sekunde 38. Meneja anafurahi: imepokelewa! Nani kaipokea? Ni sauti ya makaribisho. Kwa mfumo, mashine ikishaitika, simu imepokelewa, hata kama mgeni amesikiliza tangazo, akakata, akapigia kampuni nyingine. Kwa hiyo msiishie kwenye safu hiyo. Tazameni safu ya lastapp, inayoonyesha simu ilikuwa wapi mwishoni. Ikiwa ni Dial, mfumo ulikuwa unampigia mtu wenu. Ikiwa ni Playback au VoiceMail, mgeni aliishia kwa mashine. Chujeni hizo za mashine, zipangeni kwa saa, kwa mwezi mmoja tu, mtaona ni saa ngapi mnahitaji mtu. Huenda mkamwekea mmoja zamu ya hadi saa tatu usiku, au mkaelekeza laini kwenye simu ya mkononi ya aliye zamu.

Kabla ya kuamini namba hizo, hakikisheni saa ya seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo wa simu. Seva iliyoachwa kwenye UTC itafungua ofisi yenu saa tano asubuhi. Wekeni ukanda wa saa wa Africa/Dar_es_Salaam, na iwe inajirekebisha kwa intaneti. Baadhi ya kompyuta ndogo zinazotumika kama seva hazina betri ya saa: umeme ukikatika na intaneti ikachelewa kurudi, ratiba nzima inapotoka.

Kwenye ratiba ya mfumo, sikukuu zikaguliwe kwanza, saa za kawaida zifuate, la sivyo tarehe 9 Desemba simu zitaita kwenye meza tupu. Idi inategemea mwezi kuandama, hivyo mpeni mhudumu wa mapokezi msimbo wa kubonyeza kwenye simu ili kufunga na kufungua mfumo kwa mkono. Itawafaa hata siku ya msiba.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa uzito. Namba ya mteja ni taarifa yake binafsi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Faili la kumbukumbu lisiwe la kila mtu. Amueni nani analisoma na linakaa muda gani. Kurekodi sauti ni hatua kubwa zaidi: mteja aambiwe mwanzoni, kabla hajaeleza shida yake.

Kila asubuhi mtu mmoja achukue orodha ya walioishia kwa mashine, awapigie kwa saa zao, si zetu. Wa New York wapigiwe kuanzia jioni. Nimeweka mfumo wa majaribio hapa mbele. Vijana wa TEHAMA, sogeeni, tuanze na saa ya seva.