Kiswahili cha Uhura: Mhusika Anapopoteza Kumbukumbu, Nani Humkumbuka?

Walimu wangu, ndugu zangu, na wanafunzi mliofika jioni hii hapa Kampala,

Nimeombwa nizungumzie mwendelezo wa wahusika katika tamthilia za kubuni za sayansi, yaani lile jambo ambalo mashabiki hulibishania hadi usiku wa manane: je, mhusika tunayemwona leo ndiye yule yule tuliyemwacha msimu uliopita, na mambo mawili yaliyosemwa juu yake yakipingana, tushike lipi? Wapo wanaouona ubishi huu kuwa kazi ya watu wasio na shughuli. Mimi nauheshimu, na ninataka kuwaeleza sababu.

Sisi wa Uganda tunaujua ugumu huu tangu utotoni. Wengi wetu tulizijua filamu za nje katika vibanda vya video, VJ akiwa ameshika kipaza sauti, akitufasiria kwa Kiganda na kuongeza ya kwake. VJ mmoja akimpa mhusika jina la mtaani, na mwingine akampa jina jingine na hata undugu mwingine, watoto waliotoka vibanda viwili walibishana njiani kana kwamba wameona filamu mbili. Hadithi ndefu haisimami pasipo watu wanaokumbuka. Mwandishi wa msimu wa tatu si lazima awe ndiye aliyeandika wa kwanza, mwigizaji huugua au huondoka, na mara nyingi anayebaki na kumbukumbu nzima ni mtazamaji.

Yako makosa yanayozibika kwa urahisi. Katika filamu ya pili ya Star Trek, tamthilia ya Marekani ya meli inayosafiri angani, ya mwaka 1982, adui Khan anamtambua Chekov, afisa kijana wa meli hiyo, kwa sura, ingawa kisa cha kwanza cha Khan kilirushwa Februari 1967, kabla Walter Koenig, mwigizaji wa Chekov, hajajiunga na tamthilia. Mashabiki walirudi kwenye tarehe za safari zinazosomwa na nahodha. Wakaonyesha kwamba kisa kimoja cha msimu wa pili, ambacho Chekov yumo, kina tarehe 3018.2, ilhali kisa cha Khan kina 3141.9, kwa hiyo kijana huyo alikuwa tayari melini, ila hatukuonyeshwa. Hilo lilikuwa kosa la kalenda, na kalenda ilitosha kulirekebisha.

Kosa linalogusa utu wa mhusika ni zito zaidi. Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa nyakati aitwaye Daktari, ilianza tarehe 23 Novemba 1963, na mwaka 1966, afya ya William Hartnell, mwigizaji wake wa kwanza, ilipodhoofika, watayarishaji walibuni kwamba Daktari anaweza kubadilika mwili, na Patrick Troughton akachukua nafasi yake. Mwaka 1976 ikasemwa kwamba watu wa jamii yake huweza kubadilika mara 12 tu. Idadi hiyo ilipokwisha, katika kisa cha Krismasi ya 2013, Daktari akapewa mzunguko mpya, na wengi waliridhika, maana sheria inaweza kulegezwa na walioiweka. Mwaka 2020, hata hivyo, tuliambiwa kwamba aliishi maisha mengine kabla ya Hartnell, kisha kumbukumbu zake zikafutwa, na kwamba yeye ndiye chanzo cha uwezo huo wa watu wake wote. Wanaoliunga mkono jambo hili huonyesha kisa cha Januari 1976 ambamo nyuso zisizojulikana zilitokea kwenye skrini. Hoja yao ina uzito, lakini sikubaliani nayo moyoni, kwa kuwa nilimpenda Daktari kama mtu wa kawaida miongoni mwa watu wake, aliyechagua mwenyewe kuondoka kwao.

Kufutwa kwa kumbukumbu kunanileta kwa Uhura, afisa wa mawasiliano katika meli ya Star Trek, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nikubali mwaliko huu. Jina lake limetoka katika neno letu uhuru. Katika kisa cha Star Trek kilichorushwa kwanza kabisa, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe kinachosoma mawazo ya watu kinamtokea kwa sura ya mwanamume Mwafrika na kumsemesha Kiswahili. Kiumbe hicho hukichukua kile kilichomo ndani ya mtu. Basi tangu siku hiyo Kiswahili kimo ndani ya Uhura.

Mwaka uliofuata, tarehe 29 Septemba 1967, chombo kiitwacho Nomad kinamsikia akiimba, hakimwelewi, kinaichunguza akili yake na kuifuta. McCoy, mganga wa meli, anasema atafundishwa upya. Tunamwona akisoma herufi kama mtoto wa darasa la kwanza, na kabla ya kisa kwisha tunaambiwa amefikia kiwango cha chuo na atarudi kazini ndani ya wiki moja. Baada ya hapo hakuna anayelitaja tena. Jambo hili huniuma kila nikilitazama: mwanamke huyu amepoteza mama yake, nyimbo zake na utoto wake, na wenzake wanafurahi kwamba nafasi yake haitakaa wazi.

Lakini katika somo lile lile la kusoma, Uhura anapokwama kwenye neno, anasema Kiswahili. Hakuna aliyemfundisha Kiswahili siku hiyo. Kwa mtazamaji wa Marekani pengine hilo lilikuwa pambo. Kwetu ni ushahidi. Kama lugha imebaki, basi akili haikufutwa, ilifungwa mlango tu, na yule anayerudi kazini ni Uhura wetu, si mgeni aliyevaa sare yake. Sijui hoja iliyo imara zaidi ya kumtetea, nayo inasikika kwa anayejua Kiswahili.

Elimu ya magonjwa ya lugha inatupa njia mbili za kuendelea. Ribot, Mfaransa, alifundisha mwaka 1881 kwamba kumbukumbu za zamani hudumu kuliko mpya. Pitres naye, mwaka 1895, alisema lugha iliyozoeleka zaidi kabla ya ugonjwa ndiyo hurudi kwanza. Melini Uhura alizungumza Kiingereza kutwa, kwa hiyo Pitres angetarajia Kiingereza, na mimi ninasimama na Ribot. Tamthilia mpya ya Star Trek iliyoanza mwaka 2022 imesema wazi kwamba Uhura ametoka Kenya, na filamu ya 2009 ilikwisha kulithibitisha jina lake la kwanza, Nyota. Hata hivyo Mkenya anaweza kuwa amenyonya Kikamba au Kiluo, akakikuta Kiswahili shuleni, kama wengi wetu tuliokikuta sokoni au kambini baada ya Kiganda, Kiacholi au Kinyankole. Basi ninyi mliozaliwa Gulu au Mbarara, mkajifunza Kiswahili ukubwani, naomba tufungue mjadala kwenu: mkikwama ghafla, mkiwa peke yenu, ni lugha ipi hutoka kwanza?