Kuiandaa Injini ya Hemi Dart ya 1968 Kabla ya Kuiwasha Mara ya Kwanza

Watazamaji wapenzi, gari hili ni Dodge Dart ya mwaka 1968, mojawapo ya machache yaliyoundwa kwa ajili ya mashindano ya robo maili, yaani mita 402, yakiwa na injini ya Hemi (yenye vyumba vya mwako vya umbo la nusu-tufe) ya lita 7 pamoja na boneti na madigadi ya mbele ya faibaglasi ili kupunguza uzito. Ukarabati umekamilika, na sasa tunaiandaa injini.

Maji na oili vimekwisha kujazwa. Oili iwe yenye zinki ya kutosha, kwani bila zinki tapeti bapa, yaani visukumio vya valvu vyenye uso bapa, huila kamshafti, shafti inayofungua valvu.

Sasa tutaizungusha pampu ya oili kwa drili ili oili isambae kabla ya kuwasha. Chomoeni distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kisha shafti yenye gia iliyo chini yake. Ingizeni fimbo ya pembe sita hadi kwenye pampu, funganisheni na drili, muizungushe kinyume cha mwendo wa saa. Narudia: kinyume, la sivyo pampu haitavuta oili.

Mshale wa geji ya presha ya oili umepanda. Hata hivyo, kamera na isogee hapa: roka, yaani mikono inayosukuma valvu, za kushoto zimelowa, za kulia ni kavu. Msiongeze kasi ya drili! Oili ya silinda hedi hupitia kwenye beringi ya nne ya kamshafti, ambayo matundu yake hayafunguki pande zote mbili kwa pamoja. Geuzeni krankishafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, taratibu kwa spana huku drili ikiendelea. Naam, oili imefika kulia. Ndiyo maana napenda kuifanya kazi hii vifuniko vya valvu vikiwa vimevuliwa, niione oili kwa macho.

Sasa tuwe makini sana. Kabla ya kurudisha distributa, pistoni ya silinda namba 1 iwe juu ikiwa imebana hewa. Alama ya sifuri, inayoonyesha kuwa pistoni iko juu, peke yake haitoshi, kwa sababu pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi. Toeni plagi ya silinda namba 1, wekeni kidole tunduni, mgeuze krankishafti hadi hewa ikisukume kidole, kisha mfike kwenye alama ya sifuri. Hakikisheni valvu zote mbili zimefunga. Nasisitiza tena: alama ya sifuri peke yake haitoshi! Rudisheni shafti, mfereji wake ukiwa sambamba na krankishafti, kisha distributa, na waya zifuate mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2, kinyume cha mwendo wa saa.

Ikiwaka, msiiache kwenye sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Ishikilieni kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika kwa muda wa dakika 20, mkiutazama mshale wa oili.