Nani Alaumiwe: Hester, Mchungaji au Mume?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nitakwenda moja kwa moja.

Hadithi wengi mnaijua. Boston, miaka ya 1640, mji wa Wapuriti, Wakristo wa Kiprotestanti wenye msimamo mkali. Hester Prynne anatolewa gerezani na mtoto mchanga mikononi, na kifuani herufi A, alama ya uzinzi, ya kitambaa chekundu aliyoitarizi mwenyewe kwa uzi wa dhahabu. Anasimamishwa jukwaani saa tatu, mji mzima ukimkodolea macho. Ndiyo The Scarlet Letter, riwaya aliyoitoa Nathaniel Hawthorne mwaka 1850.

Tukiuliza nani alikosa, wengi hutaja wawili: Hester, na Arthur Dimmesdale, mchungaji aliyezaa naye kwa siri. Mimi nawahesabu watatu, na naanza na mume.

Roger Chillingworth alikuwa msomi, umri umekwenda, bega moja limepanda kuliko jingine. Alimwoa binti ambaye hakumpenda wala hakujifanya kumpenda. Akamtanguliza Marekani peke yake, kisha kimya, kama miaka miwili. Hapo tusimwonee, maana alitekwa njiani. Lakini usiku ule, Hester amerudishwa gerezani, mumewe anamjia kama tabibu, na amekwisha kumnywesha dawa, anakiri mwenyewe kwamba aliyeanza kukosa ni yeye, kwa kuufunga ujana wa Hester na uzee wake. Angeishia hapo ningemheshimu. Badala yake akajifanya daktari wa mchungaji, akahamia nyumba moja naye, akawa anamchimba roho taratibu.

Sheria nayo? Massachusetts, koloni lenye mji wa Boston, mwaka 1641 iliandika kwamba aliyezini na mke wa mtu auawe, pamoja na mwanamke huyo. Haikuwa vitisho tu: mwaka 1644 Mary Latham na James Britton waliuawa wote wawili kwa kosa hilo. Kwa maandishi, basi, usawa upo. Ila mimba humwonyesha mmoja tu, na mwenzake akinyamaza, sheria haina wa kumkamata.

Na Arthur Dimmesdale alinyamaza. Tena kwa ufasaha! Amesimama juu barazani pamoja na wakubwa, anaagizwa amsihi Hester amtaje mwenzake. Anamwambia asimwonee huruma mtu huyo, amtaje hata kama itambidi ashuke kutoka mahali pa juu. Jamani, si ashuke? Ngazi anaiona. Kwangu mimi kosa lake kubwa ni hili, kuliko lile la faraghani: kumtwika mwanamke kazi ya kuungama kwa niaba yake. Baadaye mimbarini anajiita mwenye dhambi kuliko wote, bila kusema dhambi gani, na waumini wanazidi kumwona mtakatifu.

Hester naye simwachi. Alimwahidi mumewe kutomfichua, akamwacha mchungaji aishi na adui miaka yote hiyo. Anapokuja kumwambia, msituni, miaka saba imepita. Dimmesdale anawaka: wewe ndiwe wa kulaumiwa, siwezi kukusamehe! Aliyenyamaza miaka saba anakasirishwa na ukimya wa mwenzake. Hester anamvuta, anamkumbatia kwa nguvu hata shavu lake linalalia ile herufi, anamwomba msamaha mara kwa mara, hamwachii.

Mwisho anasamehe. Yeye, mchungaji, ndiye anayesamehe! Nami nasema alikuwa na haki ya kukasirika, lakini si ya kutanguliza hasira kabla ya kuomba radhi. Najua hapa wapo wasiokubaliana nami. Haya, nani anaanza?