Usiishie Kutaja Tamathali

Wanafunzi wapenzi na walimu wenzangu, hamjambo. Nimesahihisha majibu ya ushairi miaka mingi, na kuna jibu moja ambalo huniuma kila nikilikuta: "Mshairi ametumia tashihisi." Nukta. Sawa, tamathali hiyo ya kukipa kitu sifa za mtu imetumika, lakini imefanya kazi gani? Ni sawa na kuingia karakana ya seremala ukataja msumeno, randa na nyundo, kisha ukatoka bila kuitazama meza.

Sikilizeni mishororo hii niliyoitunga jana jioni nikingoja matatu pale Ngara:

Mji umekunja uso, mvua haijanyesha,
Mama mboga mwenye leso, kapule akalishusha.

Mji hauna uso wa kukunja. Hiyo ndiyo tashihisi. Ningeweza kusema mawingu yametanda, nanyi mngejua hali ya hewa tu. Lakini uso uliokunjwa mnaujua tangu utotoni: baba akiingia nao, nyumba nzima hunyamaza kabla hajatamka neno. Mama mboga ameusoma uso huo, akashusha kapu mapema. Bila tashihisi, kitendo chake kingekuwa cha kawaida. Sasa kina woga ndani yake.

Tusogee karibu na neno "kapule". Hesabuni mizani, yaani silabi, kwa vidole: ka-pu-le-a-ka-li-shu-sha. Nane. Ningesema "kapu lake akalishusha" ningepata tisa, na utao, kipande cha pili cha mshororo, ungezidi ukwapi, kipande cha kwanza, kwa mizani moja. Hiyo ni inkisari, nayo imeokoa mapigo ya mshororo mzima. Ukiulizwa umuhimu wake, usikomee kusema "amefupisha neno". Sema amefupisha ili kutosheleza mizani, kisha uonyeshe hesabu.

Tashbihi, yaani kufananisha kitu na kingine, haihitaji maneno mengi, ila jihadharini na "kama". "Kama mvua itanyesha, tutarudi" si tashbihi. Hapo kuna sharti, hakuna kinacholinganishwa na kingine. Nasikitika kuona alama zikipotea hapo.

Kosa jingine linagusa heshima ya washairi wetu wa pwani. Mwanafunzi akikuta "mato" badala ya "macho", au "ndia" badala ya "njia", huandika upesi: tabdila, yaani mshairi amebadili silabi ya neno. La, wanangu! Hicho ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, hakuwa akiharibu Kiswahili sanifu, maana kilikuwa hakijasanifishwa. Alikuwa akitunga kwa lugha ya nyumbani kwao Mombasa. Andikeni: matumizi ya lahaja. Kisha mseme yanatuonyesha mshairi anatoka wapi, na sauti gani ilimjia kwanza.

Sasa, tarbia hudai mishororo minne kila ubeti, nami nimewapa miwili tu. Kina cha ndani, mwishoni mwa ukwapi, ni "so"; cha nje, mwishoni mwa utao, ni "sha". Mshororo wa tatu ufuate vina hivyo. Wa nne mnaweza kuufanya kibwagizo, yaani mshororo unaorudiwa kila ubeti. Mvua bado haijanyesha. Nani ataanza?